Milimita 26 zilizopotea

Mazungumzo kwenye kikao cha jioni cha wapenda nyota, Upanga, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu mwenyekiti, dada na kaka zangu, na nyinyi wanafunzi mliojazana pale nyuma chini ya feni, habari za jioni.

Mwenyekiti amenitambulisha kama mtaalamu. Naomba nijishushe mwenyewe kabla sijashushwa. Mimi ni mpiga picha za harusi. Ijumaa mpaka Jumapili mtanikuta ukumbini, Sinza au Mbezi, namsubiri bibi harusi aliyekwama saluni. Nyota ni za katikati ya wiki, mama watoto akiridhia. Lakini harusi ndizo zilizonifungua macho kwa hili ninalotaka kulisema leo, kwa hiyo naanzia huko.

Wenzangu wa video mnakumbuka mwaka 2013, zilipotoka zile adapta za Speed Booster za Metabones. Unachukua lenzi ya kamera kubwa, unaifunga kwenye kamera yenye sensa ndogo, katikati unaweka adapta yenye vioo ndani. Lenzi inaanza kuona upana iliokuwa imenyimwa, na ukumbi uliokuwa na kiza unapata stopu moja nzima ya mwanga, yaani mwanga mara mbili. (Nasema sensa ya kamera, jamani, si ile ya makarani waliopita majumbani 2022, ingawa nayo kazi yake ni kuhesabu: inahesabu mwanga ulioangukia kila pikseli.) Wengine tulidhani ni mazingaombwe. Kumbe wapiga picha za nyota walikuwa wanafanya jambo hilo hilo miaka mingi kabla yetu, kwa lenzi inayofungwa mkiani mwa darubini. Mafundi wanaiita ridyusa. Mimi leo nitasema kifupishi, maana kazi yake ni kufupisha fokasi, yaani umbali ambao mwanga unasafiri mpaka picha ikusanyike.

Darubini yangu ile pale mezani. Ni Celestron ya inchi 8, muundo wa Schmidt-Cassegrain, ukoo ulioanza kuuzwa 1970. Mdomo wake una milimita 203, urefu wa fokasi ni milimita 2032. Gawanya: kumi, tunaandika f/10, na namba hiyo ikiwa ndogo zaidi picha inajaa mwanga haraka zaidi. Bomba lenyewe mnaliona, halizidi sana ndoo ya rangi ya lita 20, kwa sababu mwanga unakunjwa na vioo ndani kabla ya kutokea nyuma. Mita mbili za fokasi ndani ya ndoo! Ndicho kilichonivutia nikaitoa akiba yangu yote, na ndicho kilichoniumbua Rujewa.

Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipatwa kwa umbo la pete, na Rujewa, kule Mbarali, ilikuwa mahali pazuri pa kusimama. Nikaenda. Kichujio cha jua nimekifunga mbele ya mdomo wa darubini, kamera ya Canon nyuma, nimejipanga kuliko hata siku ya harusi yangu. Pete ikaja. Nikaangalia kioo cha kamera, pete haina juu wala chini. Nina pande mbili za mduara, kama bangili iliyokanyagwa na gari. Bado ninayo picha ile. Siioneshi kwa mtu.

Baadaye ndipo nilipojua hesabu yake, na ni hesabu ya darasa la tano. Chukua urefu wa fokasi kwa milimita, gawanya kwa 110. Jibu ni kipenyo cha mwezi kwenye sensa yako, na jua halitofautiani sana nao. Kwa 2032 unapata kama milimita 18 na nusu. Sensa ya Canon ya kawaida, si ile kubwa ya fremu kamili, ina upana wa milimita 22.3 na kimo cha 14.9. Kitu cha 18 kwenye dirisha la 15 kitapita wapi? Harusini ukimkata bwana harusi kichwa hulipwi.

Kifupishi cha darubini hii kina namba 0.63. Zidisha: 2032 inakuwa 1280. Gawanya tena kwa 110, mwezi sasa ni milimita 11 na nusu hivi, unaingia mzima na nafasi ya kupumua. Na f/10 imekuwa f/6.3.

Naona mzee wangu pale mbele ameinua mkono. Naam, mzee. Anauliza: kioo kidogo vile kinatoa wapi mwanga wa ziada? Swali lako, mzee, ndilo lingeniokolea pesa kama ningejiuliza mapema.

Hakitoi popote. Mwanga unaoingia kwenye darubini unaamuliwa na mdomo wake, milimita 203, uwe na kifupishi au usiwe nacho. Kinachobadilika ni namna unavyotandazwa. Tuseme ni chapati. Donge ni lile lile. Ukilisukuma likajaa kikaango kikubwa, chapati inakuwa nyembamba. Ukilisukuma dogo, inakuwa nene. Kifupishi cha 0.63 kinapunguza picha ya wingu la gesi kwa upana na kwa kimo, kwa hiyo eneo linabaki asilimia 40 hivi ya lile la mwanzo, na unene unapanda mara mbili na nusu. Kila pikseli inapata mara mbili na nusu ya mwanga wa lile wingu, ila wingu lenyewe limefunika pikseli chache zaidi. Umenunua upana na kasi, umelipa kwa ukubwa. Ni biashara ya haki, lakini ni biashara, si zawadi.

Na hapa niwaudhi kidogo wale wanaotaka kupiga nebula, yale mawingu ya gesi angani, wakiwa juu ya ghorofa Kariakoo. Kama unga wako una mchanga, chapati ikiwa nene mchanga nao unakuwa mwingi kwa kila tonge. Taa za mji huu zinapaka anga weupe, na weupe huo unaingia kwenye darubini pamoja na nebula. Kifupishi kinauzidisha mara mbili na nusu vile vile. Uwiano kati ya nebula na mwanga wa mji haubadiliki hata chembe. Mtu akikuambia kifupishi kinashinda taa za Dar, anataka kukuuzia cha kwake. Kinachoshinda taa ni daladala ya kwenda mbali: Kimbiji, Kisarawe ndani ndani, au kupita Bagamoyo. Au usiku umeme ukikatika mtaa mzima. Sisemi niombee ukatike, ila ukikatika huwa sinung'uniki kama majirani.

Sasa faida ni nini, ukiacha upana? Faida ni shata fupi, yaani kamera kukaa wazi kwa muda mfupi. Na kwa sisi wa Dar, shata fupi si anasa, kwa sababu ya mahali tulipo kwenye dunia.

Tuko latitudo nyuzi 6.8 kusini. Stendi za kitaalamu za kufuatisha nyota zinatakiwa mhimili wake uelekee kwenye ncha ya anga, pale ambapo nyota zote zinaonekana kuizunguka, na kwetu ncha ya kusini iko nyuzi saba tu juu ya upeo, kwenye minazi na ukungu wa bahari. Nyota ya Kaskazini ambayo Wazungu wanaitumia kujipanga, hapa iko chini ya upeo, haionekani kabisa. Zaidi ya hapo, stendi nyingi hazikutengenezwa kulala kiasi hicho: unalegeza skrubu, unaishusha, inagoma, au mzigo wa kusawazisha unagonga mguu wa stendi. Nimeona watu wanaweka matofali chini ya mguu mmoja ili kuidanganya. Wengine wetu tunaishia na stendi ya aina nyingine, inayokwenda juu-chini na kushoto-kulia kwa mota mbili. Hiyo inafuata nyota vizuri, lakini picha inajizungusha taratibu kwenye sensa, kama sahani. Kifupishi hakizuii mzunguko huo. Kinachofanya ni kwamba shata ya sekunde 10 inakujazia pikseli kiasi ambacho bila kifupishi ungehitaji sekunde 25, na katika sekunde 10 sahani haijazunguka sana. Unapiga mia mbili za namna hiyo, kompyuta inazipanga na kuzijumlisha.

Nikiwa hapo hapo, nidokeze jambo ambalo halihusu kifupishi lakini litakusaidia. Kwa stendi ya namna hiyo, mzunguko ni mkali kitu kikiwa kusini au kaskazini kabisa, na mkali zaidi kikiwa utosini. Mashariki na magharibi ni mdogo mno. Nebula ya Orion kwetu inapita karibu na utosi, Januari kama saa nne usiku. Watu wanaisubiri ifike juu ndipo waanze. Wanakosea. Ianze saa mbili, ikiwa bado inapanda mashariki, na uache kabla haijafika kileleni.

Faida nyingine ni msamaha. Chukua pikseli za mikroni 4. Kwa fokasi ya 2032, kila pikseli inaona sekunde-tao 0.4, yaani vipande 0.4 ukigawa nyuzi moja vipande 3600. Stendi ikiyumba sekunde-tao 2, nyota inapakwa kwenye pikseli tano. Kwa 1280 ni pikseli tatu. Kusi likivuma Juni na Julai, unaijua tofauti hiyo kwa idadi ya picha unazofuta asubuhi.

Haya, nimekisifia vya kutosha. Sasa niwaambie kilivyonitesa.

Kifupishi cha kwanza nilikinunua, nikakifunga, nikapiga Omega Centauri. Ni fundo la nyota mamilioni, upana wake angani unauzidi mwezi kidogo, na mwezi wa sita kama saa mbili usiku linasimama kusini juu kabisa, limekaa tayari. Katikati ya picha, nyota zilikuwa punje za chumvi. Pembeni zilikuwa zimerefuka zote kutoka katikati, kama mvua inayopigwa na upepo kwenye kioo cha gari. Nikasema nimeuziwa kitu kibovu. Nikaandika ujumbe wa hasira kwa muuzaji, nikajibiwa kwa upole, nikaandika mwingine. Nikahamia kwenye darubini, nikazishika zile skrubu tatu za kioo cha mbele, nikazungusha mpaka hata katikati kukaharibika. Miezi minne hiyo.

Kosa lilikuwa kwenye kamera. Katikati ya miaka ile, kama wapiga harusi wengi, nilikuwa nimeiacha Canon nikahamia Sony isiyo na kioo ndani. Sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea.

Kifupishi kile kinataka sensa ikae milimita 105 nyuma yake. Namba hiyo haikuokotwa tu, lenzi zake nne zilichorwa kwa umbali huo. Kamera ya Canon ya kioo ina milimita 44 kutoka mdomo wake hadi kwenye sensa. Ringi ya T, ile inayofungwa mdomoni mwa kamera ili iunganishwe na darubini, ina 11. Hapo ni 55. Adapta ya kuunganisha na darubini ina 50. Jumla 105, wala hukuhitaji kufikiri, wenyewe walishakufikiria. Nikon mdomo wake ni 46.5, ringi yake inafanywa ya 8.5, inarudi pale pale 55. Lakini Sony isiyo na kioo, kutoka mdomo hadi sensa ni milimita 18 tu. Mimi nilinunua ringi nyembamba ya 11 nikaona imeingia vizuri, imekaza, imependeza. Hesabu: 18, na 11, na 50. Ni 79. Nilikuwa nimepungukiwa milimita 26 na nalaumu dunia nzima.

Umbali ukibadilika, si umbo la nyota tu linaloharibika, hata namba ya kifupishi inabadilika. Hebu chukua lenzi moja nyepesi yenye fokasi ya milimita 100. Sensa ukiiweka milimita 50 nyuma yake, unafupisha kwa 0.5. Ukiisogeza ikawa 30, unafupisha kwa 0.7. Kanuni: toa kwenye moja, umbali uliogawanywa kwa fokasi ya lenzi. Kwa hiyo 0.63 iliyoandikwa ubavuni mwa kifupishi ni ahadi yenye sharti. Wewe usipotimiza milimita, yenyewe haitimizi namba.

Dawa nilichongewa mtaa wa Gerezani hapa Dar, kwa fundi wa mashine ya kukereza vyuma. Bomba la alumini, milimita 26. Akaniuliza, uzi gani? Nikasema milimita 42. Akanitazama kama mwalimu, akasema 42 hatua gani, yaani kutoka jino la uzi hadi jino la pili ni kiasi gani? Nikanyamaza. Uzi wa ringi za T ni milimita 42 kwa hatua ya 0.75. Lenzi za zamani za Zenit na Praktica nazo ni 42, lakini hatua yake ni 1. Ukizichanganya zinashika mzunguko mmoja na nusu, unafurahi, halafu zinakwama na uzi umeshaliwa. Tulipima kwa kalipa, kile kipimo chenye taya mbili, akachonga, nikarudi nyumbani Omega Centauri ikiwa bado inaonekana magharibi. Pembe zote nne zilikuwa punje za chumvi. Nikamwandikia muuzaji tena, safari hii nikiomba radhi.

Nunua kalipa kabla ya kununua kifupishi. Rula ya plastiki ya mwanafunzi haifai, maana hata sifuri yake haianzii ukingoni. Kwa darubini kama hii yangu, kukosea milimita mbili tatu hakukuui. Kwa darubini ndogo za lenzi, ambazo vifupishi vyake vingi vinataka 55, milimita moja utaiona pembeni. Na ukiweka kichujio kati ya kifupishi na sensa, kioo chake kinausogeza mwanga nyuma kwa kama theluthi ya unene wake. Kioo cha milimita 2 kinadai nyongeza ya 0.7.

Mengine nayapitia haraka. Pembe za picha zitakuwa na kiza, kwa sababu duara la mwanga limefinywa pamoja na picha. Kwa sensa ya fremu kamili utakichukia kiza hicho. Dawa ni kupiga picha za weupe mtupu, wenyewe wanaziita flati: kamera ibaki imefungwa vile vile, fokasi usiiguse, funika mdomo wa darubini kwa kitambaa cheupe, elekeza kwenye anga la alfajiri. Mimi natumia kanzu ya zamani iliyokunjwa mara mbili. Kompyuta inagawanya picha zako kwa weupe ule, kiza na vumbi vinaondoka.

Darubini za kioo za Newton zina tatizo lake: kifupishi kinaivuta fokasi ndani kuelekea bomba, na mara nyingi kile kifaa cha kusogeza kamera kinafika mwisho kabla ya kuipata. Celestron za EdgeHD, toleo jingine la darubini kama hii, zina kifupishi chake cha 0.7, msizipachike hiki cha kwangu. Na ukitaka Zohali au Mshtarii, kitoe kabisa kifupishi. Sayari ni ndogo mno angani, unahitaji fokasi irefuke, siyo ifupike.

Unyevu sasa. Mji huu unatoa jasho usiku. Kioo cha mbele cha darubini kitashika umande saa tano, na kifupishi kikiwa nyuma hukioni kinachomtokea. Mama mmoja hapa wa saluni ndiye aliyenifundisha kutumia drayeri kwa hewa ya uvuguvugu, taratibu, na nimemtumia kama mfano tangu hapo. Ila adui mkubwa ni ukungu unaoota ndani, katikati ya lenzi zile nne, ambako kitambaa hakifiki. Hifadhi kifupishi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, na vipakiti vya silika. Mchele hapana. Unga wake utaishia kwenye kioo, na mchele wenyewe usiupike.

Kitu cha mwisho, kwa wanafunzi wasio na pesa ya kifupishi wala ya darubini. Kilimia, zile nyota ambazo wazee walipangia kilimo, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, kina upana wa nyuzi mbili hivi angani. Darubini yangu ikiwa na kifupishi chake inaona nyuzi moja. Yaani hata baada ya gharama zote hizi, Kilimia hakiniingii. Nebula ya Carina nayo vivyo hivyo. Lenzi yangu ya harusi, ile ya 70-200, nikiivuta mpaka 200 inaona nyuzi sita na zaidi kwa upana, inavimeza vyote na nafasi inabaki. Basi azima lenzi kwa mjomba anayepiga harusi.

Nimechungulia dirishani, mwezi umeshatoka juu ya paa la jirani. Mwenyekiti amekubali tuhamishe darubini uani. Tutaupiga kwanza bila kifupishi, muone unavyokatwa, halafu nacho. Wewe kijana mwenye Nikon pale nyuma, njoo na kamera yako, na ushike hii kalipa. Kabla hatujafunga chochote, nisomee: ringi yako ina unene wa milimita ngapi?